Mshenga, Sayari ya Metaluna na Mpira wa Tyubu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshakisambaza kisa hiki katika kila kundi la WhatsApp alilomo, likiwamo lile la kwaya, akidai kwamba nilimfunga mshenga miguu kama kuku wa sikukuu ili asitoroke kabla baba hajataja mahari, naona ni haki yangu nami kueleza yaliyotokea. Sikumfunga mtu. Mzee wa watu alijifunga mwenyewe, na hata yeye hana hatia, kwa maana giza lilikuwa langu na filamu ilikuwa yangu.

Mnaonifuata siku zote mnaujua ugonjwa wangu. Kwa wageni, nitaueleza kwa ufupi. Kabla ya kanda za video kuingia majumbani katika miaka ya 1970, Mmarekani au Mwingereza aliyetaka kuwa na sinema sebuleni kwake aliuziwa filamu nyembamba ya milimita 8, na kwa kuwa sinema nzima ingekuwa ndefu na ghali kupita kiasi, kampuni ziliikatakata hadi ikaenea kwenye rili moja ndogo, yaani gurudumu la kukunjia filamu. Castle Films, iliyoanzishwa na Eugene Castle mwaka 1924, ndiyo iliyosifika zaidi kwa kazi hiyo. Sinema ya karibu saa moja na nusu ilibanwa ndani ya futi 200, yaani mita 60 na ushei, ambazo huisha kwa dakika kumi na kitu. Mazungumzo yalikatwa, mapenzi yalikatwa, sababu za watu kugombana zilikatwa. Kilichobaki ni chombo cha angani, zimwi na mlipuko. Mimi hukusanya zile za kubuni za kisayansi peke yake. Mama ameshaniuliza ni kwa nini, na jibu langu halijamridhisha hadi leo.

Jumamosi ile ujumbe wa posa ya mdogo wangu ulifika kutoka Mpwapwa mapema kuliko ulivyotarajiwa, wakati kuku bado wanachemka na mkaa umelowa. Salamu zilikwisha, barua ya posa ikapokelewa, hali ya mvua ikajadiliwa, bei ya alizeti ikajadiliwa, hali ya mvua ikajadiliwa tena. Baba, ambaye kwa miaka yote amekuwa akiita mkusanyiko wangu "makopo", alinigeukia mbele ya wageni akasema kwa sauti ya mtu mwenye mali, "Hebu waonyeshe wazee ile sinema yako." Naomba mlikumbuke hilo. Niliamriwa.

Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikaweka projekta juu ya stuli nyuma ya makochi, nikafungua kopo. Hapo ndipo aibu ya kwanza ilipojitokeza, ingawa rafiki yangu kaisahau katika simulizi yake. Filamu za zamani za asetati, ambayo ni aina ya plastiki, zinapozeeka huoza polepole na kutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo huipa siki ukali wake, na joto huharakisha jambo hilo. Kopo lilipofunguka, harufu ilitangulia kuliko picha. Mama mmoja wa upande wa kiume alimwinamia mwenzake akanong'ona, kwa mnong'ono uliofika hadi jikoni, kwamba mvinyo wa nyumba hii umechacha. Mnaoishi Dodoma mnaelewa uzito wa maneno hayo. Katika mji unaojivunia zabibu zake, unaweza kumwambia mtu kwamba nyumba yake inavuja, lakini mvinyo wake huugusi. Baba alitazama dari.

Rili niliyoichagua ilitokana na sinema ya mwaka 1955 iitwayo This Island Earth, ambayo Castle Films waliifupisha na kuiuza kwa jina la War of the Planets. Nakala yangu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haina sauti, na maelezo yake yameandikwa kwenye picha kwa Kiingereza, hivyo niliwatafsiria wageni nikiwa nimesimama nyuma yao. Wanasayansi wa duniani wanachukuliwa hadi sayari ya Metaluna, ambayo inashambuliwa kwa vimondo na maadui zake. Mshenga, mzee mrefu mwenye kofia ya balaghashia na fimbo, aliuliza maadui hao wanagombea nini. Nikamwambia, "Hicho kipande kilikatwa, mzee." Akasema, "Basi ni malisho," na wenzake wakakubali.

Sasa tuingie gizani taratibu.

Projekta ina rili mbili: ya mbele hutoa filamu, ya nyuma huipokea na kuikunja. Ile ya nyuma huzungushwa na mpira mwembamba, na mpira wa asili wa mashine yangu ulikwisha kuyeyuka ukawa ulimbo, kama ilivyo kawaida ya mipira yenye umri wa miaka arobaini na zaidi. Fundi mmoja wa redio alinikatia mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na ulifanya kazi vizuri kila nilipojaribu peke yangu. Usiku ule, mbele ya wakwe watarajiwa, uliteleza ukatoka. Rili ya nyuma ikasimama kimya. Rili ya mbele haikuwa na habari hiyo. Ikaendelea kutoa filamu, na filamu, isipokuwa na pa kwenda, ikashuka sakafuni. Macho yangu yalikuwa ukutani kwa sababu nilikuwa natafsiri. Wakati zimwi lenye ubongo ulio wazi linajitokeza na akina mama wanavuta kanga zao usoni, nyuma ya kochi la mshenga kulikuwa kunaota kichaka cha filamu, kikitambaa kupita chini ya kochi hadi kwenye viatu vyake.

Ndipo mzee alipotaka kwenda kujisaidia. Kwa heshima zake hakutaka kukatisha shughuli, akainuka polepole, akainama ili kivuli chake kisizibe picha, akapiga hatua ya kwanza. Nilisikia mchakacho, nikadhani ni panya. Akapiga hatua ya pili, filamu ikakaza. Akapiga ya tatu, na vitundu vya pembeni ya filamu, vile ambavyo kijino cha projekta huvishika ili kuisogeza picha, vikachanika. Kijino kikawa kinakamata hewa. Picha ikasimama.

Ndugu zangu, taa ya projekta ni kali, na kila picha husalimika kwa sababu hupita mbele yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Picha ikisimama hapo, joto lote ni lake. Ukutani, katikati kabisa ya anga la Metaluna, kikaota kidoa cha hudhurungi. Kikavimba. Kikawa cha rangi ya asali, kikatoa povu pembeni, kikafunguka katikati kwa mwanga mweupe uliosambaa taratibu na kuila sayari nzima. Sebule ilinyamaza. Kisha kijana mmoja wa upande wa kiume akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe sasa imekuwa ya rangi!" Na wote, akina mama, wazee, pamoja na baba yangu mzazi, wakapiga makofi.

Mnielewe msimamo wangu. Ninaona mali yangu, niliyoiagiza kutoka Uingereza na kuilipia nauli kuliko bei yake, ikiungua mbele ya umma, na umma unashangilia. Kibaya zaidi, katika sinema yenyewe sayari ya Metaluna kweli huishia kuwaka, kwa hiyo sikuwa na neno la kuwapinga. Nilichoweza kutamka ni, "Naam, ndiyo imeungua hivyo."

Makofi yalimfanya mzee ageuke kutazama alichokikosa, na kugeuka huko ndiko kulikoleta ile picha ambayo nyote mmeshaiona simuni. Filamu ilimzunguka magoti, fimbo ikaingia katikati, naye akakaa chini kwa utulivu mkubwa, huku akisema, "Kijana, hapa chini kuna nyoka wangapi?" Rafiki yangu, aliyeitwa kusaidia kugawa soda, ndiye aliyewasha taa, na mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshika simu. Shangazi, kwa kusikia habari ya nyoka na kuona moshi mwembamba kwa wakati mmoja, alichukua birika la maji ya kunawa. Nilikumbatia projekta. Maji yaliniingia mgongoni.

Mengine hayana maneno. Filamu ya aina hii huyeyuka tu, haishiki moto ukasambaa, kwa hiyo nyumba ipo. Mzee alifunguliwa kwa makasi ya jikoni, kuku waliiva, mahari ilitajwa na ikakubaliwa, na mpira wa tyubu ulipatikana chini ya stuli. Rili imepungua kiasi cha mita kadhaa na ina viungo vya gundi kila mahali, na sasa zimwi linatokea, linatoweka, halafu watu wako duniani wanakunywa kahawa. Kwa kuwa zamani walishakata sababu, mtazamaji mpya hatagundua.

Jana mshenga alimpigia baba kuhusu siku ya sendofu. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba ile sayari iungue tena, kwa rangi, na yeye awekewe kiti cha mbele kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ameipa mgongo. Baba ameshamkubalia, na ameniuliza nina makopo mangapi yaliyobaki.