Flashi Imekataa

Hivi hawa wanaotunga filamu za anga za juu wanatuonaje? Nauliza kwa heshima, kama baba mwenye familia ambaye jana usiku, umeme uliporudi, alikaa kistaarabu na wanawe kutazama Independence Day. Ya mwaka 1996, najua. Enzi zile bandani tuliishangilia wote, kwani nani alikuwa amegusa kompyuta?

Wageni wametoka huko wanakojua wenyewe. Meli yao kuu, kwa maelezo ya filamu yenyewe, ina uzito wa robo ya Mwezi. Wameshafumua New York na Los Angeles, makombora hayawagusi. Anakuja Jeff Goldblum na laptop ya Apple, anapenya hadi ndani ya meli, anarusha virusi, fuvu linacheka kwenye skrini, kinga yote chini. Hata nywila hakuombwa!

Sasa mimi leo asubuhi nimekwenda steshenari kuprinti fomu ya shule ya mtoto. Kurasa mbili.

"Shikamoo anko. Flashi yako haisomi."

"Marahaba. Jaribu tundu la pili."

Akajaribu. Akaipuliza. Akaifuta kwa ncha ya kanga. Ikasoma.

"Ina virusi, anko. Mafaili yote yamegeuka shotikati."

Nikamweleza, kwa sauti ya mtu mzima, kwamba virusi hao ni wenyeji wa mashine yake, flashi yangu inalala kabatini na vyombo vya wageni. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Hatimaye faili likafunguka: vijimraba. Jina la mwanangu vijimraba, tarehe ya kuzaliwa vijimraba. Sehemu ya ada tu ndiyo inasomeka, tena vizuri.

"Imeandikwa kwa Word mpya, anko. Yangu ya zamani."

Mnanielewa lakini? Kompyuta mbili za dunia hii hii, programu ya kampuni ile ile, kutoka Kinondoni hadi Magomeni tu, zimeshindwa kuelewana. Halafu laptop ya 1996 na meli ya viumbe wa nyota nyingine zinasalimiana na kuanza kazi!

Kijana mmoja kwenye foleni akasema nijitumie kwa WhatsApp. Bando lilikata usiku. Akaniwashia hotspot, Mungu ambariki, ila nywila yake ina herufi kubwa, ndogo, nyota na alama ambayo simu yangu haina. Akaniandikia mwenyewe. Faili linapanda, linapanda, limebakiza kidogo, umeme ukakata.

"Mia tano, anko."

"Ya nini?"

"Ya kuskani virusi."

Nimelipa! Nimelipa mia tano kuambiwa naumwa! Jeff Goldblum hakulipa kitu, kaokoa dunia, karudi na sigara mdomoni!

Na siyo yeye peke yake. Armageddon ya 1998: jiwe lenye ukubwa wa Texas linaonekana zimebaki siku 18. Ceres, jiwe la kweli la angani ambalo ni dogo kuliko hilo, kipenyo chake hakifiki kilomita 1,000, padri Piazzi aliliona kule Palermo mwaka 1801, akiwa na darubini ya enzi za mishumaa. NASA nzima ilikuwa imelala? Signs ya 2002: wageni wanaoungua kwa maji wanavamia sayari ambayo asilimia 71 ya uso wake ni maji, tena wamekuja uchi. Wangeshukia bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likifurika wakati wa masika, kazi ingeisha kabla ya saa nne asubuhi. Ingawa wakishukia mtaani kwetu watazeeka, wataoa na kujenga, maana bomba letu linatoa upepo mtupu.

Jirani ananiambia, "Ni filamu tu, unajisumbua nini?" Huyu huyu aliyesusa chakula cha mkewe kwa sababu shujaa wa tamthilia ya Kituruki kaoa asikotakiwa.

Fomu yenyewe bado. Na kumbe wanataka na picha za pasipoti, nyuma ziwe na bluu, za mtoto na za mzazi. Za mzazi za nini, mimi ndiye nakwenda kukaa dawati la mbele? Mpiga picha wa hapo kona ana kitambaa chekundu tu. Cha bluu, anasema, kimekwenda harusini Kibaha, tumsubiri mpaka Jumatatu.