Moshi wa pikapu utokee wapi? Mimi nimeshachagua upande

Jamani hili la ekzosi watu wanalichukulia kama urembo tu, yaani mtu anaenda kwa fundi anasema nikatie hapa nataka ingurume, basi, habari ya moshi unamwendea nani haimhusu. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Yangu ni Hilux ya 5L, ile dizeli ya 2986 cc isiyo na turbo, paipu ya nyuma ikaoza ikatoboka pale juu ya difu (lile bonge la gia katikati ya matairi ya nyuma), nikaipeleka. Fundi akaniambia bosi hizi kona mbili za kupandisha juu ya difu za nini, tukate hapa mbele ya tairi la nyuma, kushoto, itokee ubavuni, hela inapungua na sauti inakuwa tamu. Nikaona huyu ana akili sana.

Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Ya pili niko foleni Tabata asubuhi, nimebana kushoto karibu na kituo, mbele pakafunguka nikakanyaga mafuta. Kwenye sait mira namwona mama ana mtoto mgongoni, anamhamishia mbele harakaharaka anamfunika uso na upindo wa kanga, wingu jeusi limeanzia magotini linapanda. Hakutukana hata, aliniangalia tu. Bora angetukana.

Ndo nikakaa nikawaza kitu ambacho kipo wazi kabisa na sikuwahi kukiona: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kushoto ndo kuna watu, wanaosubiri daladala, wauza mihogo, watoto wa shule. Zile picha za pikapu zenye ekzosi ubavuni tunazoonyeshana kwenye simu nyingi ni za Marekani, wenzetu wanaendesha kulia, sasa wewe unakopi mpaka upande. (Wa Bujumbura na Kigali geuzeni haya ninayosema, kwenu watu wapo kulia.) Na moshi wa dizeli sio wa kuchezea, mwaka 2012 wale watafiti wa saratani wa WHO waliuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lilelile lenye moshi wa sigara.

Kuna watakaosema basi toa nyuma kabisa, chini ya bampa, yaishe. Hapo nakataa. Siku ukitoka njia ya vumbi zunguka gari lako ulitazame, boneti ina afadhali lakini mlango wa bodi nyuma umejaa vumbi mpaka watoto wanaandika majina. Lile vumbi halijaruka kutoka mbele, limetimuliwa na matairi yako mwenyewe halafu likavutwa kurudi, maana gari likienda linaacha pengo nyuma yake na hewa inakimbilia kuliziba. Moshi nao unafuata njia hiyohiyo. Sasa weka vijana wamekaa bodini chini ya turubai, au lile dirisha dogo la nyuma ya kabini lipo wazi, unawapulizia safari nzima. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ni kweli dizeli inaitoa kidogo kuliko petroli ila mimi sipimi kwa pua za watu. Af paipu ikining'inia nyuma ya bampa, ukitoka korongoni ndo inayogusa chini ya kwanza, inajikunja au inakula udongo.

Za kusimama nyuma ya kabini kama malori sina neno nazo, ila ujue mvua inaingia usipoweka kifuniko na turubai likigusa pale limeungua.

Kwa hiyo nimerudisha kona zangu mbili. Inapita juu ya difu, inatokea nyuma ya tairi la nyuma, kulia, imelala mshazari kwenda nje na nyuma, ncha imevuka bodi kama upana wa vidole viwili. Isipovuka moshi unarudi uvunguni, na ukiielekeza chini inatimua vumbi na ukipaki kwenye majani makavu utajuta. Najua kulia nako kuna bajaji anayeovateki, lakini huyo anapita, yule wa kituoni amesimama. Kama tanki au tairi lako la spea limekaa njiani ongea na fundi kabla hajawasha moto wa kuchomelea, sio baada, na mwambie akuonyeshe kwa kidole mpira wa breki unapita wapi.

Kosa langu la safari hii ni kwamba alipima gari likiwa tupu. Juzi nimepakia mifuko ishirini ya simenti, bodi ikashuka, kila shimo nasikia ko, ko, difu inagonga paipu. Jumamosi narudi kwake aipandishe kidogo, na safari hii naenda na simenti humohumo.