Pimeni kivimbe kabla ya kuuza ng'ombe

Tabora tunalima tumbaku. Pita Urambo au Sikonge msimu wa kukausha, utaona mabani yanafuka. Ndiyo maana saratani ya mapafu ikitajwa, macho yote humgeukia mvutaji. Mama ambaye hajawahi kushika sigara akikohoa miezi mitatu, ataambiwa ni TB. Ikikosekana TB, ataambiwa ni kifua tu.

Bahati mbaya, huyo mama ndiye ningependa apimwe jeni mapema. Mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York walionyesha kuwa baadhi ya saratani za mapafu zina mabadiliko kwenye EGFR, jeni inayoiamuru seli ikue, na huonekana zaidi kwa wasiovuta, hasa wanawake. (Kwa kawaida hayarithiwi, kwa hiyo watoto wasitiwe hofu.) Mwenye mabadiliko hayo akimeza vidonge vya gefitinib au erlotinib, vinavyoizuia EGFR, mara nyingi uvimbe husinyaa. Asiye nayo je? Utafiti wa IPASS uliofanyika Asia, matokeo yake yakatoka 2009, ulikuta kuwa kwa watu hao gefitinib ilishindwa vibaya na kemo ya kawaida, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Sasa ndugu yuko Dar, anarusha picha ya boksi la vidonge hivyo kwenye kundi la familia WhatsApp, "hii imemsaidia mtu", na huku ng'ombe wameshapelekwa mnadani ili vinunuliwe. Kipimo cha jeni hakijafanyika. Huo ni mchezo wa kamari, na anayeliwa ni mgonjwa.

Kuna wanaosema vipimo vya jeni ni anasa ya Wazungu. Mbona makohozi yetu tunayapima hivyo hivyo? Mashine ya GeneXpert husoma jeni za kimelea cha TB na kwa muda usiozidi saa mbili inasema kama rifampicin, dawa kuu ya TB, itamfaa mgonjwa. Sijasikia mtu akiibishia. Na erlotinib yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2019, kwa sharti kwamba EGFR ya uvimbe wa mgonjwa imepimwa ikakutwa na mabadiliko.

Kwa maoni yangu, mashine si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni kile kinyama kinachokatwa kwenye pafu. Kikiwa kidogo mno, hakitoshi kupimwa. Kikikaa siku nyingi kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, vinasaba vinakatikakatika. Kinatakiwa kikae humo siku moja, mbili zikizidi, kisha kiingizwe kwenye nta ya parafini. Kikishakuwa kwenye nta, hata safari ya basi hadi Mwanza au Dar kinaivumilia. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya afya ya mkoa, ningeanza na fomalini iliyochanganywa sawasawa, chupa yenye nafasi ya kuandika saa kinyama kilipotumbukizwa, na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma vinyama hivyo kwa darubini, anayelipwa vizuri kiasi cha kukubali kukaa Tabora.