Mwenye Daftari

Katika kikundi chetu cha Magic: The Gathering, mchezo wa kadi, mimi ndiye mwenye daftari. Hakuna aliyenipigia kura. Nilijipa cheo hicho siku nilipoazimisha kadi nne za Thoughtseize zikarudi tatu, na kila niliyemuuliza habari za ile ya nne aliniambia, "Si nilimpa fulani akuletee?" Fulani naye akasema kampa fulani. Nikaona isiwe tabu. Nikachukua daftari la mistari, nikachora safu: jina, kadi, idadi, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Safu hiyo ya mwisho mpaka leo ina nafasi ya kutosha kuandikia utenzi.

Kuazimana kwenyewe hakuepukiki. Deki moja ya kadi (si ile ya kupiga sakafuni, ingawa siku hiyo nilipigwa kama sakafu) inataka kadi zisizopungua 60, na kadi yenye jina moja isizidi nakala nne, ukiondoa ardhi za kawaida, kadi zinazokupa mana, yaani nguvu yenye rangi ya kulipia kadi nyingine, hizo jaza upendavyo. Bado kuna kadi 15 za akiba, za kubadilisha kati ya mchezo na mchezo. Sasa mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1993, na tangu hapo kadi mpya hazijaacha kumiminika. Nani anazo zote? Kwa hiyo usiku wa kuamkia mashindano utawakuta watu wazima wamepiga magoti sakafuni, wamezungukwa na makasha, wanaitana: "Nani ana Fatal Push? Mbili tu! Kesho jioni zinarudi!"

Kesho jioni. Nimeijua kesho jioni ya watu.

Basi nilikuwa mkali, sikatai. Mtu akinisalimu "Mambo?" namjibu "Fatal Push mbili." Kuna jamaa alifikia hatua ya kuchagua meza kwa kuangalia kwanza mimi nimekaa wapi. Siku moja mwenzetu alikuwa anazama, uhai umebaki mmoja, mkononi kadi mbili tu, anafikiri mpaka jasho linamtoka. Nikamwinamia sikioni nikamuuliza anarudisha lini. Moja kati ya zile mbili ilikuwa yangu. Akaniangalia kwa macho ambayo nisingependa kuyaona tena.

Mtu pekee ambaye hajawahi kuingia daftarini ni Mwalimu. Tunamwita hivyo kwa sababu wengi wetu ndiye aliyetufundisha: jinsi ya kuchanga kadi bila kuzikunja pembe, wakati wa kushambulia na wakati wa kutulia, na kwa nini ardhi inashushwa moja tu kwa zamu. Haazimi kitu, huazimisha tu, na hadai. Ndiye aliyetusimulia kwamba sheria za mwanzo kabisa, zile za Richard Garfield mwenyewe, aliyeubuni mchezo, ziliwataka wachezaji waweke kadi rehani: kila mmoja anatoa moja kutoka kwenye deki yake kabla ya mchezo, mshindi anaondoka nazo. Baadaye jambo hilo likaachwa. Mimi nikadakia, "Mwalimu, si bora ingebaki? Angalau watu wangelipa papo hapo." Wote wakacheka. Yeye akatabasamu, akapangusa miwani.

Wiki ya mashindano nilikuwa nimepungukiwa kadi moja tu katika deki yangu ya nyeusi na kijani. Inaitwa Slaughter Pact. Ilitoka mwaka 2007 pamoja na ndugu zake wanne, rangi tano, kila rangi mkataba wake, na zote ni mikopo. Slaughter Pact inaua kiumbe yeyote asiye mweusi, na gharama yake ya kuitumia ni mana sifuri. Bure. Ila zamu yako inayofuata ikianza, kabla hujavuta kadi, unalipa mana tatu, moja kati yake iwe nyeusi. Usipolipa, hupotezi kiumbe wala uhai kidogo. Unapoteza mchezo. Ndivyo kadi yenyewe inavyosema, kwa sentensi fupi isiyo na salamu.

Wanaoanza hudhani hiyo ni kadi ya wazimu. Kumbe akili yake iko hapa: katika mchezo huu mana ndiyo muda. Ukiwa na ardhi tano, kwa kawaida zamu yako inatosha ama kumuua kiumbe wa adui ama kumshusha wa kwako, mara chache vyote viwili. Ukimuua kwa mkopo, ardhi zako bado zimesimama (ardhi ikitumika hulazwa mpaka zamu yako ijayo), unamshusha na wa kwako. Umecheza zamu mbili ndani ya moja. Deni utalilipa zamu ijayo, wakati adui hana kitu mezani na wewe unachagua tu pa kumpiga. Kukopa harusi, kama walivyosema. Nusu ya pili ya methali hiyo naomba tuiache kwa sasa.

Mwalimu akanipa ya kwake. Akaitoa kwenye kifuko chake, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia, "Ukiitumia tu, mdogo wangu, chukua dadu uiweke juu ya maktaba yako." Maktaba ndilo fungu unalovutia kadi. "Huwezi kuvuta bila kuigusa ile dadu, na ukiigusa utakumbuka deni. Mimi hii imeshaniua mara mbili."

"Mwalimu," nikamwambia, "unamkumbusha deni mwenye daftari?"

Sikuiandika. Niliona haina maana kujiandika mwenyewe, daftari lenyewe langu. Kinyozi hajinyoi.

Raundi za mwanzo sina la kusimulia. Nilishinda, nikashinda, nikachomwa na kijana wa deki nyekundu kabla sijashusha ardhi ya tatu, nikashinda tena. Kitu kimoja tu kikumbukwe. Nilikuja na dadu tatu: kubwa ya pande 20 ya kuhesabia uhai, kwa kuwa kila mtu huanza na uhai 20, na ndogo mbili. Kabla ya raundi ya mwisho, dogo wa meza ya jirani akaniomba ndogo moja. Nikampa. Kisha nikafungua daftari pale pale, nikaandika nikiwa nimesimama: dadu 1, nyekundu, mpaka mwisho wa raundi. Nikamwonyesha alivyoandikwa ili asije kusema hakujua.

Raundi ya mwisho, nani kakaa mbele yangu? Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile kadi imekusaidia?"

"Bado sijaitumia."

"Haya."

Mchezo wa kwanza nilikaa na ardhi mbili mpaka nikazikwa nazo. Wa pili nilimbana kisawasawa. Wa tatu ukavutana mpaka watu wakaanza kusogea, maana meza nyingine zilikuwa zimemaliza. Dogo wa dadu nyekundu naye akaja kusimama nyuma yangu, dadu mfukoni.

Hali ilikuwa hivi. Mimi uhai nne, Mwalimu sita. Mimi nina ardhi tano na kiumbe mmoja, Scavenging Ooze, yule wa ute, 2/2 (nguvu ya kupiga na ya kustahimili), anayekula maiti makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika au kufa, na kunenepa. Mwalimu ana malaika mmoja mweupe, 5/5, anaruka. Zamu yake ikirudi, mimi ni marehemu. Nikavuta kadi: Slaughter Pact, ile ile ya kwake.

Moyo ulinidunda mpaka nikahisi meza inatikisika. Nikajikaza. Nikalaza ardhi nne, nikashusha kiumbe mwingine mkubwa. Nyuma nikasikia watu wanaguna, kama wanasema huyu kaacha kujitetea. Kisha nikaiweka Slaughter Pact mezani taratibu, kama mtu anayeweka barua ya urithi. "Malaika anakufa."

Mwalimu akaisoma kadi yake mwenyewe, akamtoa malaika. Mimi nikachukua dadu yangu ndogo, nikaiweka juu ya maktaba kama nilivyofundishwa, katikati kabisa, huku nikimwangalia usoni ili aone nimefuata somo.

Ardhi moja ya kijani ilikuwa bado imesimama. Nikailaza. Wa ute akamla malaika pale makaburini: mimi nikapata uhai mmoja, yeye akapata alama moja ya kudumu, sasa ni 3/3. Alama hiyo lazima ionekane. Unaweka dadu juu ya kiumbe, kila mtu aione.

Nikapapasa pembeni. Hakuna dadu. Ile kubwa inahesabu uhai wangu. Nyekundu iko mfukoni mwa dogo, nyuma yangu, hatua moja. Ningeweza kugeuka nikamwambia, "Nipe mara moja." Ila niliandika "mpaka mwisho wa raundi," na mimi si mtu wa kuvunja maandishi.

Nikanyoosha mkono, nikaitoa ile dadu juu ya maktaba, nikaiweka juu ya wa ute. Nakumbuka kabisa nilichowaza: deni nitalikumbuka tu, kwani mimi ni nani?

Nikashambulia. Mwalimu hana wa kuzuia, sita ikawa tatu. Zamu ijayo wa ute peke yake anatosha kumaliza kazi, na nyuma yake kuna yule mkubwa. Nikaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyompa mkono Mwalimu baada ya kushinda: kwa unyenyekevu, macho chini kidogo.

Zamu ya Mwalimu. Akavuta, akashusha ardhi, akaangalia kadi zake. Hakufanya kitu kingine. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani.

"Zamu yako, mdogo wangu."

Nikasimamisha ardhi zangu zote tano, moja baada ya nyingine, kwa madaha. Nikavuta kadi, tena niliivuta kwa vidole viwili kama mchezaji wa kwenye televisheni, nikaipiga kofi mezani bila hata kuitazama. "Wote wanashambulia."

Kimya.

"Umevuta?" akauliza Mwalimu.

"Nimevuta."

"Hukusahau kitu?"

Nikaangalia meza. Ardhi tano zimesimama. Viumbe wawili. Uhai tano. Kila kitu kiko sawa, nikasema. Ndipo macho yakateremka kwenye makaburi yangu, na juu kabisa, uso juu, imelala Slaughter Pact.

Kuna aina ya joto linaloanzia masikioni.

"Nalipa!" nikasema. "Nalipa sasa hivi, ardhi hizi hapa tano, deni lenyewe tatu tu!" Nikaanza kuzilaza haraka haraka, nikalaza nne, nikamwongezea na ya tano. Mtu akacheka nyuma. Mwalimu akainua mkono kumwita refa, kwa upole, kama anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

Refa akaja, akasikiliza pande zote mbili, ingawa upande wangu haukuwa na maneno mengi. Akauliza swali moja: nilivuta kadi ya zamu? Nilivuta. Basi wakati wa kulipa ulikuwa umekwisha kupita, na kadi ilikwisha kusema kitakachotokea. Nikajaribu kusema kwamba Mwalimu alijua na alinyamaza. Refa akanieleza kwamba kwenye mashindano mpinzani halazimiki kukukumbusha mambo yako mwenyewe. Jambo hilo mimi nimewaeleza watu wengi sana katika kikundi chetu, mara nyingine bila kuulizwa.

Nikampa Mwalimu mkono. Macho chini, ndiyo, hilo angalau lilikwenda kama nilivyopanga.

"Ulikuwa umeshinda," akaniambia. "Kwa kweli ulicheza vizuri."

Nilitamani angenitukana.

Nikawa nakusanya kadi, dogo akajipenyeza, mkono umetangulia. "Kaka, dadu yako hii hapa. Raundi imeisha." Akasimama. Haondoki. "Naomba unifutie."

Nikatafuta daftari, halikuwepo kwenye begi. Nikainua kichwa, nikaliona linazunguka kule nyuma, mkono kwa mkono. Watu wanalisoma, wanainamiana, mabega yanatikisika. Hata yule wa Fatal Push mbili, ambaye nilikuwa sijamwona kwa wiki tatu, alikuwa mstari wa mbele. Lilipofika kwangu nikafungua ukurasa wa mwisho nimfutie dogo wa watu.

Chini ya dadu nyekundu palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyezoea ubao. Jina: Mwenye daftari. Kadi: Slaughter Pact. Idadi: 1, na mana 3. Tarehe ya kutoka: Jumatatu. Tarehe ya kurudi: zamu iliyopita.