Mashine haijawahi kukaa nyuma ya oditwari

Siku hizi hapa Lubumbashi, mwalimu wa chuo kikuu akikuambia anatafiti ufundishaji, muulize kwanza nani kaandika maswali yake. Mara nyingi hojaji imetungwa na ChatGPT (programu ya akili bandia) na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi. Wanafunzi nao, kwenye sehemu za kujieleza, wamebandika majibu ya ChatGPT hiyo hiyo. Halafu yote yanarudishwa kwa mashine iyachambue. Imejiuliza, imejijibu, na mwisho imejisifu kwamba matokeo ni ya kuvutia. Sisi tunaweka majina juu.

Siichukii, naitumia. Mtu anayeandika kwa Kifaransa na kudaiwa ikisiri ya Kiingereza ametuliwa mzigo kweli. Kusafisha jedwali, kurekebisha fomula ya Excel iliyogoma, kupanga marejeo (marejeo uliyoyasoma mwenyewe, maana ikiachiwa iyatafute huweza kubuni vitabu ambavyo havipo): kazi hizo ipewe tu. Ugomvi wangu ni kwenye kusikiliza. Utafiti wa kufundisha na kujifunza unaishi kwa yale wanafunzi wanayosema, na hiyo ndiyo kazi ambayo wenzangu wengi wana haraka ya kuikwepa.

Niliwahi kuhoji wanafunzi wa mwaka wa kwanza juu ya sababu za kuanguka mitihani. Tuliongea kama tunavyoongea huku, Kiswahili chetu na Kifaransa ndani yake. Binti mmoja anayetoka mtaa wa Katuba aliniambia: "Asistenti, ukikawiya unaikalaka nyuma, na kule nyuma hausikie kintu." Akaeleza. Lazima abadilishe taksi katikati ya mji. Mvua ikinyesha, anafika viti vya mbele vya oditwari (ukumbi wa mihadhara) vimeshakaliwa na wanaolala kwenye mabweni. Maikrofoni hakuna. Basi yeye hununua nakala ya notisi kutoka kwa wale wa mbele, na bei, akacheka kidogo, hupanda mitihani ikikaribia.

Nilipomaliza kuchambua kwa mkono, nikaondoa majina na kuipa mashine maandishi yale yale initolee mada kuu. Ikaleta "changamoto za miundombinu", "upungufu wa motisha" na "hitaji la mbinu shirikishi". Hakuna uongo hapo. Ila orodha ile ingeweza kuandikwa kuhusu chuo chochote, cha Nairobi au cha Lima, bila kumhoji mtu hata mmoja. Kilichopotea ni habari yenyewe: kwamba kusikia somo kunategemea mtaa unaotoka, na kwamba ndani ya oditwari kuna soko la notisi ambalo mwalimu aliye mbele halijui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mashine haijawahi kupanda taksi ya Katuba.

Sababu si fumbo. Programu hizi zimefundishwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kwa hiyo huvutwa kwenye yale yanayosemwa mara nyingi. Mtafiti anatafuta lile lililosemwa na mtu mmoja likamfanya asimamishe kalamu. Ongeza suala la lugha. Whisper ya OpenAI (kampuni ya ChatGPT), programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotoka mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili zake ni Kiingereza. Lugha nyingine zote ziligawana kilichobaki. Ukiilisha mazungumzo ya Lubumbashi, mengine itayanyoosha yawe Kiswahili cha vitabuni na mengine itayaruka, na asiyekuwepo kwenye mahojiano hatajua kipi kimerukwa.

Kuna pia suala la ridhaa. Mwanafunzi anayehojiwa na mtu atakayempa alama hana uhuru mkubwa wa kukataa. Sasa tunachukua sauti yake na kuipeleka kwenye seva za kampuni ya ng'ambo. Congo ilipata Sheria ya Dijitali Machi 2023, na ulinzi wa data za watu umo ndani yake. Fomu za ridhaa ninazozisoma hazigusi jambo hilo, utadhani bado tunaandika kwenye daftari.

Wanaopima "udanganyifu wa wanafunzi" kwa vigunduzi vya akili bandia (programu za kutambua maandishi ya mashine) nao wapunguze mwendo. OpenAI yenyewe iliondoa kigunduzi chake Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba vigunduzi walivyovijaribu viliziita za mashine zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wanafunzi wetu wanaandika Kifaransa walichokikuta shuleni. Nisingethubutu kujenga makala juu ya namba kama hizo.

Anayetumia mashine kwenye uchambuzi, aandike kwenye sehemu ya mbinu: programu gani, toleo gani, mwezi gani, ilifanya nini, na nani alirudi kwenye rekodi kuhakiki. Toleo ni muhimu kwa sababu programu hubadilishwa, na swali lile lile mwezi ujao laweza kupata jibu jingine. Kuitaja mashine kama mwandishi mwenza hakusaidii. Kamati ya COPE, inayoshughulikia maadili ya uchapishaji, ilishasema mwaka 2023 kwamba chombo kisichoweza kuwajibika kwa kazi hakiwezi kuwa mwandishi wake.

Kuna anayeniambia kuandika mahojiano kwa mkono ni ghali na hakuna bajeti. Lakini dola 20 za kulipia ChatGPT kila mwezi zinapatikana. Mimi pesa hizo ningempa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayekaa Katuba au Ruashi, avae spika za masikioni, asikilize na aandike. Asipoelewa neno, atampigia simu mwenzake. Na akifika kwenye bei ya notisi, huenda akaniambia kwamba hata mimi nimedanganywa, bei halisi ni kubwa zaidi.