Acha programu iamue, faili lisikisie

Kwenye mabishano kuhusu mafaili ya mipangilio, anayetetea INI, muundo wa zamani wa mistari ya jina = thamani, huonekana mtu aliyepitwa na wakati. Katika INI kila thamani ni maandishi. Soma port = 8080 kwa configparser, kisomaji cha INI cha lugha ya Python, utapewa maandishi; ukitaka namba, uiombe mwenyewe kwa getint. YAML, muundo mpinzani unaokisia aina ya kila thamani, inakupa namba papo hapo, pamoja na orodha na ngazi ndani ya ngazi.

Hoja ya wapenzi wa YAML si ya kupuuzwa. Mipangilio ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, haiingii kwenye INI hata uikunje vipi. Tena maandishi yana mtego wake: kwa Python, bool("False") ni True, maana maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kweli. Aliyesahau getboolean, inayogeuza maandishi kuwa kweli au si kweli, anaweza kuacha hali ya majaribio wazi kwenye seva inayohudumia wateja.

Ila kosa hilo liko ndani ya programu, mahali ambapo mwenye programu analiona na kulipima. Kosa la faili linalokisia hulioni. Wengi wamesikia kisa cha Norwe: kifupisho chake, NO, kikisomwa na PyYAML, kisomaji cha YAML cha Python, kinageuka False, kana kwamba ni "no" ya Kiingereza. KE, TZ na UG zinapita salama, kwa hiyo kisa hicho tunakichukulia kama shida ya mbali.

Namba zetu za simu hazipiti. Andika simu: 0700000000 bila alama za kunukuu, uisome kwa safe_load ya PyYAML. Unapata 117440512, kwa sababu sifuri ya mbele imefanya namba isomwe kwa msingi wa nane. Ikiwemo 8 au 9 popote, inabaki maandishi, kwani msingi wa nane hauna tarakimu hizo. Yaani ndani ya faili moja, mteja mmoja anapata ujumbe na jirani yake hapati, na hakuna onyo lolote lililotolewa. Saa nazo ni hivyo hivyo: 08:30 inabaki maandishi, 10:30 inakuwa 630, kwa kuwa toleo la 1.1 la YAML linakubali namba za msingi wa sitini (10 × 60 + 30). Ukijaribu kwa duka linalofungua saa mbili na nusu asubuhi, kila kitu kiko sawa. La saa nne na nusu ndilo linaloharibika.

Toleo la 1.2, la mwaka 2009, liliondoa mengi ya haya, lakini PyYAML bado inafuata 1.1. Na hata kwa 1.2 simu ile inasomwa 700000000: sifuri imepotea.

Utaambiwa, weka alama za kunukuu. Lakini anayehariri faili mara nyingi ni meneja wa duka au mhasibu, na hana sababu ya kujua msingi wa nane. Programu ndiyo inayojua kwamba simu ni maandishi. TOML, muundo mwingine wa mafaili ya mipangilio ambao Python inausoma yenyewe kwa tomllib tangu toleo la 3.11 la 2022, angalau inaikataa 0700000000 isiyo na alama za kunukuu na kusema wazi kuna kosa.

Anayehitaji ngazi za YAML asiache YAML. Atumie BaseLoader ya PyYAML: orodha na ngazi zinabaki, thamani zote zinakuja kama maandishi. Kisha programu igeuze kila moja inapowaka, na ikikuta isiyofaa igome kuwaka, itaje jina la kipengele chenye kosa.