Farasi Hupimwa Mabegani

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kaptembwo, Nakuru, na kabla hamjaanza kunicheka, ijulikane kwamba mikokoteni ya punda niliyoiunda kwa mikono hii imejaa barabarani kuanzia Rhonda mpaka Lanet. Ukiona uliopinda, huo si wangu. Kwa hiyo mzee mmoja wa Njoro aliponipigia simu kuniuliza kama naweza kumtengenezea trela ya farasi, sikusita. Punda na farasi si ni mtu na binamu yake? Tofauti ni kwamba mmoja alisomeshwa.

"Farasi mwenyewe ni mkubwa kiasi gani, mzee?"

"Ni wa mikono kumi na tano na mbili."

Nikanyamaza. Marehemu nyanya yangu alikuwa akipima kitambaa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Nikachukua chaki nikapiga hesabu ukutani. Mikono 15 ni inchi 270, yaani futi 22 na nusu, na hiyo mbili bado sijaigusa. Hata twiga wa mbugani pale Ziwa Nakuru hafiki huko. Nikamwambia mzee kwa adabu zote kwamba barabara ya Kisumu ina nyaya za stima juu.

Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena alinieleza pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Alikuwa saisi miaka mingi kwenye mashamba ya Njoro, akisugua farasi wa wenyewe kabla hajapata wake. Mkono wa farasi si ule wa kupimia kanga, ni upana wa kiganja, inchi 4 kamili. Ile mbili ya mwisho ni inchi mbili za ziada. Hesabu hupanda 15.1, 15.2, 15.3, kisha inaruka moja kwa moja hadi 16. Nikafuta ukuta, nikaanza upya. Inchi 60, ongeza 2. Futi 5 na inchi 2.

Nilimwonea huruma huyo farasi. Mke wangu ni mrefu kumliko.

Mzee alitaka trela ya farasi wawili. Mmoja anaye, anaitwa Mpole, na wa pili atakuja Mungu akijalia. Haraka ilitokana na bwana arusi mmoja wa Kisumu aliyeapa kwamba hatafika kanisani kwa gari kama watu wengine. Alitaka kuingia juu ya farasi, na alikuwa ametuma malipo ya kwanza. Nusu ya malipo hayo ilikuwa mfukoni mwangu.

Paa nikaliweka futi 5 na inchi 6. Zile inchi 4 za juu sikumtoza, ilikuwa heshima tu. Upana nilimpima punda wa jirani kiunoni, akanirushia teke nikiwa sijamaliza kusoma futi, kwa hiyo kipimo hicho nilikikadiria nikiwa chini. Nikapata futi 4 kwa wote wawili, na katikati nikachomelea kizuizi cha bomba ili wasigombane. Vyuma nilitumia vya fremu ya lori kuukuu, maana mimi sipendi kazi ya kurudiwa.

"Fundi, njoo kwanza umwone mnyama," mzee akasisitiza.

"Mzee wangu, farasi namjua. Yuko kwenye kalenda yetu ya sebuleni."

Ijumaa asubuhi tulifika Njoro, mimi na dereva wa pikapu ambaye kazi yake ni kutoa viazi Elburgon. Njiani nilimweleza kwamba farasi ana kilo kama 450. Akagawanya kwa gunia la kilo 50, akapata magunia tisa, akapiga mluzi wa dharau. Tisa yeye hubeba akisinzia.

Mzee akafungua banda. Kilitoka kichwa. Kikafuatiwa na shingo, na shingo ikaendelea kutoka muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mgongo ulipojitokeza hatimaye, ulikuwa pale pale tulipokubaliana, futi 5 na inchi 2, hakuna wa kubisha. Tatizo ni kwamba kule mbele kulikuwa na habari nyingine kabisa, imesimama juu ya sisi sote, ikitutazama.

Mpole alikanyaga ubao wa kupandia kwa kwato moja, akaupiga mara mbili, ngo, ngo, kama mpangaji anayebisha hodi kwa mwenye nyumba. Akapuliza pumzi iliyopeperusha vumbi la chuma lililobaki sakafuni. Akapiga hatua, na paji lake la uso likagusa ukingo wa paa niliokuwa nimeupaka rangi ya buluu usiku uliotangulia. Hakushtuka. Alirudi nyuma taratibu akiwa na mstari wa buluu kati ya macho, akanigeuzia sikio moja.

"Fundi," mzee akasema, "na kichwa je?"

"Mzee, ulisema mikono 15 na mbili!"

"Mabegani! Farasi hupimwa mabegani, pale shingo inapoanzia. Kichwa hakipimwi, hakitulii. Sasa hivi kiko juu, sasa hivi kiko kwenye majani. Utapima kipi?"

Nikauliza paa lilitakiwa kuwa futi ngapi. Saba. Akaingia ndani ya trela, akainama chini ya paa, akakitazama kile kizuizi cha bomba kwa huzuni. Aliniambia farasi husafiri kama makanga wa matatu. Hana cha kushika, kwa hiyo hutanua miguu kila gari linapokata kona, na shingo huipeleka huku na huku kutafuta mizani. Ukimbana miguu na kumkandamiza kichwa umemfunga kamba mtu anayeogelea.

Bwana arusi alikuwa amepiga simu mara tatu.

Nikatoa grainda, nikavuta waya kwa jirani, Mpole akapelekwa mbali asisikie kelele. Kizuizi kikang'oka. Kisha, kwa mikono yangu mwenyewe, nikatoboa paa langu jipya upande wa mbele, shimo la futi 4 kwa 3. Kingo zake nikazikunja na kuzivika mpira wa tyubu ili zisimkate shingo. Mzee akatanguliza ndoo ya karoti sakafuni. Mpole akaifuata kichwa kikiwa chini, mgongo ukapita chini ya paa na nafasi ikabaki. Alipomaliza karoti akainua kichwa, na chote kikatokea juu, na nusu ya shingo. Akaiangalia Njoro. Nadhani aliipenda.

Mzee alimfunga upande wa kulia, upande wa dereva. Barabara zetu huinama kuelekea ukingoni, akasema, na mzigo ukikaa kushoto trela inaweza kuvutwa mtaroni. Hilo nalo nilikuwa silijui. Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kujitetea.

Tulishika njia ya Elburgon na Molo, tutokee Mau Summit, kisha Kericho hadi Kisumu. Mbele ya Elburgon mtoto mmoja akapiga kelele. Wewe fikiria alichokiona. Pikapu inakuja pole pole, nyuma yake sanduku la buluu, na juu ya paa kichwa kimetokeza mpaka mabegani, kinageuka kushoto, kinageuka kulia, kinaitikia. Wakenya tumeona picha hiyo miaka mingapi?

"Mheshimiwa!"

Watu walitoka madukani. Mama mmoja wa mboga alipunga leso. Vijana wa bodaboda wakawasha taa, wakajipanga mbele yetu na kutufungulia njia kwa honi, na mmoja akasogea sambamba na trela akaomba tuachiwe ya chai. Mpole aliwatingishia kichwa, wakashangilia. Dereva wangu, ambaye hajawahi kupungiwa mkono na mtu maishani mwake, alishusha kioo akaanza kuwasalimu.

Kizuizi cha polisi kilikuwa karibu na Molo. Afisa alizunguka trela mara mbili bila kusema neno. Akakagua kibali cha daktari wa mifugo, akaona kiko sawa, akakirudisha.

"Shida yangu ni moja tu. Huyu abiria amesimama, na hana mkanda. Mmesahau sheria za Michuki za 2004?"

Tulicheka sote, yeye akacheka zaidi, na nilifikiri mabaya yamekwisha.

Kumbe bado kondoo. Molo ndiko kwao, na kundi zima lilikuwa likishuka ukingoni mwa barabara. Gunia la viazi halina haja na kondoo. Mpole alikuwa nayo. Alijigeuza kuwatazama kwa kilo zote 450, trela ikalala upande wake, mkia wa pikapu ukafuata, dereva akauzungusha usukani kama anayesonga ugali wa matanga. Tuliposimama, klachi ilikuwa inatoa moshi. Vile vyuma vya lori vilikuwa vimeimaliza tangu mlima wa kwanza. Halafu mvua ya Molo ikaanza, na kwenye paa langu kulikuwa na shimo la futi 4 kwa 3.

Mzee hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Alinunua karoti za shilingi hamsini, akamshawishi Mpole arudi kinyumenyume, akatoa tandiko nyuma ya kiti, akajifunika karatasi ya nailoni, akapanda.

"Sisi tunarudi nyumbani," akasema. "Nyinyi mtakuja."

Tulifika Njoro saa mbili usiku tukivutwa na trekta. Mzee alikuwa amekwisha oga na alikuwa kwenye chai ya pili. Bwana arusi nilimpigia mimi, nilistahili adhabu hiyo, na kesho yake akaingia kanisani kwa tuktuk yenye baluni.

Trela ya pili nilimjengea mzee bila faida, paa futi 7, upana futi 6, na safari hii nilikwenda na futi yangu nikasimama ubavuni mwa Mpole mpaka akanizoea. Ile ya kwanza ilikaa nje ya karakana, kuku wakilala humo, mpaka msimu wa kampeni, alipokuja mgombea mmoja wa wadi akalizunguka lile shimo akitabasamu. Aliuliza bei, akaomba niongeze mahali pa kufunga spika mbili.

Nikatoa futi. Nikamuuliza kwanza kama nimpime mpaka utosini au mabegani.